Kilio Kilichofika Kwetu Mwisho

Okoth wangu,

Kuna kipande cha muziki ambacho siwezi kukisikia tena bila kutafuta mahali pa kukaa. Ni kifupi tu, filimbi na vigoma, cha furaha. Mvua za masika zilipoanza ulikuwa unakicheza hapa sebuleni na watoto wa jirani, mnarusha mabega, mnajirekodi, mnafuta, mnajirekodi tena. Ulinivuta mkono ukasema, "Mathe, ingia nawe," nikaingia, tukacheka mpaka maji ya ugali yakakauka jikoni. Siku chache baadaye nilikisikia tena, kipande kilekile. Safari hii kilikuwa kimewekwa juu ya video ya mtu akiuawa.

Mtu huyo alikuwa mjomba wako Ochieng.

Nimeshaandika. Nimebeba maneno hayo tangu masika, na leo jioni bado yamenishinda kuyatoa mdomoni. Umeingia na nywele mpya, unanukia mafuta ya kinyozi, ukaniuliza mbona macho yangu mekundu, nikakuambia ni vumbi la barabara ya Katito. Sasa umelala. Barua hii nitaiweka juu ya simu yako, ili kesho mkono wako uiguse kwanza, kabla ya simu. Ukifungua simu utaikuta habari imeshajaa huko. Nataka angalau mtu mmoja wa nyumba hii aambiwe na mtu wa nyumba hii.

Kesho unakwenda Nairobi kuanza chuo, lakini mambo ya kufua, kula na kuamka mapema sitakuandikia, unayajua. Nitakuandikia jinsi mjomba wako alivyoondoka, jinsi alivyoendelea kuzungumza baada ya kufa, na mimi nilikuwa wapi wakati huo wote.

Unakumbuka alikuwa anaosha magari pale njia panda ya Mamboleo, na diploma yake ya umeme iko chini ya godoro. Tangazo lilimfuata kwenye simu. Hakulitafuta, lilimfuata, kama yanavyotufuata yote siku hizi. Kazi ya ulinzi wa maghala, nchi ya baridi, mkataba wa mwaka mmoja. Alikuja nao hapa mezani nikiwa nasahihisha mitihani ya historia ya kidato cha tatu.

"Sista, wewe ndiye umesoma. Soma hii uniambie kama ni watu wa ukweli."

Karatasi ilikuwa na safu mbili. Kushoto Kiingereza, kulia herufi ambazo hakuna mtu mtaani kwetu anaweza kuzisoma. Nikasoma Kiingereza. Maghala, zamu, likizo, bima.

"Na hii upande ingine?"

"Itakuwa ni hiyohiyo tu," nilimwambia, nikarudi kwenye mitihani.

Sikusoma upande wa pili, Okoth, ule uliomfanya askari wa vita vya watu wengine. Nisingeweza, lakini ningeweza kusema siwezi. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu wa kuulizwa katika ukoo huu, na mtu wa namna hiyo huona haya kusema hajui.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege. Wewe ulibeba begi. Alikuwa amevaa ile jaketi nyekundu ya mtumba kutoka Kibuye, kola imesimama. Nikampiga picha, akiwa ameweka mkono kifuani, anacheka kwa sababu ulimwambia anafanana na mchungaji wa televisheni. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu: mdogo wangu anaruka, Mungu ni mwema. Watu walipongeza mpaka simu ikapata joto. Kabla ya kuzima yake alinitumia ujumbe wa mwisho akiwa nchini: "Sista umenifanya staa."

Picha ile niliipiga mimi. Naomba uikumbuke, nitairudia.

Alipiga simu mara chache, kisha akanyamaza. Halafu asubuhi moja ya mvua mwanafunzi wangu wa zamani akanitumia video na maneno haya: "Pole sana Mwalimu. Angalia ukiwa peke yako." Niliitazama ndani ya choo cha walimu.

Imepigwa kutoka juu, na droni. Mtu anatambaa kwenye matope. Anakaa. Anatazama juu, kwenye mlio, na anaelewa. Kisha ananyanyua mikono yote miwili na kujifunika kichwa, viwiko mbele, hivyo hasa alivyokuwa akifanya mvua ya mawe ilipotukuta na ng'ombe tambarare za Nyakach tukiwa watoto, na mimi nikimkimbilia na gunia. Halafu moshi mweupe. Mwishoni mkono wenye glavu unaifungua pasipoti mbele ya kamera, taratibu, ukurasa wa picha. Sura yake. Jina lake. Na muziki wako wa kucheza unaendelea.

Chini yake watu walikuwa wamejaza vikaragosi vya kucheka. Watu wa nchi nisizozijua walifanya mzaha kwamba amekuja mbali kufuata baridi. Mmoja aliuliza wimbo huo unaitwaje.

Nimefundisha vita miaka mingi. Nimewaandikia watoto ubaoni sababu na matokeo. Babu yangu mwenyewe alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu, na nyumbani walijua aliyemchukua: chifu, kwa jina, na watu walimchukia chifu huyo mpaka kaburini. Habari ya aliyekufa ililetwa na mtu kwa miguu, na huyo mtu alikaa, akanywa maji, akasubiri mama wa marehemu aketi. Sikuwa na somo la kuniandaa kwa vita ambavyo anayeua huchagua muziki, akakata video vizuri isichoshe, akaitupa katikati ya mapishi na mabao ya mpira, ikafika Nyakach kabla ya mimi kujua.

Maana ilikuwa imefika. Lile kundi letu la simu la watu wa kijijini, ambalo wewe hukutaka kuingia kwa sababu ya kelele za harambee na mechi, siku ile lilikuwa kimya. Hakuna aliyesalimia. Hata yule anayetuma maombi kila alfajiri hakutuma. Nilielewa kwamba wote wameona na wote wananingoja.

Unajua kwetu kilio huanzia wapi. Nduru hutoka kwa mama wa marehemu. Mtu wa nje hawezi kulia kabla yake, hawezi hata kusema pole, akifanya hivyo ni kama amemuua yeye. Ni desturi yenye huruma, ilitungwa kumlinda mama asisikie msiba wake barabarani. Kwa hiyo walingoja mtoto wa nyumba, aliyesoma, aende amwambie mama yake. Sokoni Katito watu walimsalimia Dani, bibi yako, walinunua vyungu vyake, walimtania kwamba Ochieng atamletea gari. Walikuwa wanaheshimu desturi. Na mimi sikwenda.

Nilijiambia ni shinikizo lake la damu. Ukweli ni kwamba kumwambia Dani mwanawe amekufa kungenifikisha kwenye swali la nani alisoma karatasi.

Wiki kama mbili baadaye, Ochieng akaandika.

Uliniletea simu mwenyewe, unaruka. "Mathe, ona, Uncle amepost." Ilikuwa picha yangu, ile ya jaketi nyekundu. Wamemkata kutoka uwanja wa ndege wakamweka mbele ya jengo la vioo. "Vijana wa nyumbani, niko salama, nafasi bado zipo, niandikieni." Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwako tangu matokeo ya mtihani. Nikasema, "Mungu ni mwema." Maneno yaleyale.

Niliwajua waliofanya kazi ile, Okoth, ingawa siwajui kwa majina, kwa sababu niliwahi kuifanya. Mwaka wa uchaguzi uliniona nikizunguka na simu nyingi, nikakuambia ni utafiti. Mgombea mmoja alikuwa amekusanya watu waliosoma tumwandikie mtandaoni. Nilimpiga picha mama mmoja akikaanga samaki ufukweni, anacheka kwa sababu ya utani wa mwenzake. Nikamwandikia maneno chini ya picha, eti amemkana mpinzani wetu, eti mpinzani alimdhulumu. Hakuwa amesema chochote. Ilizunguka kaunti nzima, nikasifiwa. Nilipopita pale tena karai lake halikuwepo.

"Vijana walikuja wakamwaga mafuta yake," mwenzake aliniambia. "Sijui aliwafanyia nini. Huyo mama hata hapigangi kura."

Nilinunua samaki kwa huyo mwenzake nikaenda zangu. Nilijua tangu hapo kwamba ukishamwekea mtu maneno mdomoni, adhabu itamfikia yeye na sifa zitakufikia wewe. Nilijua, na nikaona ni mambo ya siasa, yatapita. Sikufikiri kwamba siku moja mdomo utakuwa wa mdogo wangu.

Kila Jumapili baada ya kanisa Dani alikuwa akiniambia, "Nionyeshe mtoto." Nilifungua ule ukurasa. Alipitisha kidole chenye udongo mkavu juu ya kioo. "Amenenepa," alisema. Nilimwacha aseme.

Halafu Min Ben akaja. Unamjua, mama yake Ben, anayefinyanga vyungu kando ya Dani na kuuza naye, na simu yake ni ya kupiga tu. Alipita hapa akitoka hospitali, akakaa pale unapokaa wewe.

"Mwalimu, Ben amenisumbua. Anasema Ochieng anamuita. Si Ochieng yuko mzima?"

"Sijaongea naye siku nyingi, Mama."

"Lakini anaandika."

"Naona anaandika."

"Basi yuko mzima." Akanipiga begani, akacheka. "Wewe unaficha utajiri. Unaogopa tutakuomba."

Nami nikacheka. Nilikunywa chai naye nikamsindikiza stendi. Ben aliondoka wiki ileile. Alimpigia mama yake simu moja kutoka mahali alipokuwa akifundishwa bunduki, analia, kisha hakuna.

Vijana wa Katito walikuwa wameona video. Wangeweza kumwambia Ben. Lakini kumwambia Ben kwamba Ochieng amekufa ni kutangaza msiba ambao mwenye nyumba hajautangaza, na wao ni watoto waliolelewa vizuri. Waliozungumza kwa uso wa mjomba wako hawakuhitaji kuzuia chochote. Kinywa cha kijiji kizima kilikuwa kimefungwa, na mimi ndiye niliyekishika. Nimelifikiria hilo mpaka naogopa kulala. Wageni walikuwa na simu tu. Kimya kiliwasubiri kwetu.

Jumanne simu yako ilikuwa kwenye chaji jikoni, ikawaka. Sikuwa napeleleza, lakini nilipoona jina la Ochieng nilisoma. "Mpwa wangu mpendwa, ukifika Nairobi wakala wetu atakupokea. Usimwambie mama, tumfanyie sapraizi."

Mpwa wangu mpendwa. Okoth, tangu ulipoanza kuvaa miwani Ochieng alikuita Profesa, na akikasirika alikuita Profesa Kichwa Ngumu. Hajawahi kukuita kingine. Nafikiri nawe uliona. Nafikiri uliona ukaamua kutoona, kama mimi. Sikulaumu. Umekaa nyumbani tangu mtihani, unaniangalia nikihesabu siku za mwezi, na mtu unayempenda anakuita kwa uso wake mwenyewe, anacheka, mkono kifuani. Babu yangu alikuwa na chifu wa kumkimbia. Wewe ungemkimbia nani?

Basi leo, ulipokwenda kuaga marafiki, sikwenda Katito kununua njugu. Nilikwenda kwa Dani.

Nilimkuta anasugua shingo ya chungu kwa kokoto. Nikakaa kwenye gogo nikasema yote bila kupumzika, kwa sababu ningepumzika ningetoroka. Hakuacha kusugua.

"Watu wa Katito wameiona?"

"Wameiona, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na wananisalimia." Alikizungusha chungu. "Na hiyo karatasi, wewe ulisoma yote?"

"Upande mmoja."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Nikanyoosha mkono. "Usiniguse, nyara, binti yangu. Ngoja nioshe mikono."

Aliosha mikono mpaka viwikoni, akajipangusa kwa leso, akatoka uani, akasimama akiangalia mlangoni mwa boma. Kisha akalia. Sijui jinsi ya kuiandika nduru ile. Ilikuwa imekaa katika kifua cha kijiji miezi yote hiyo, ikatokea kwake.

Watu walikuja wakikimbia, haraka mno, kama waliokuwa wamevaa viatu tayari. Wa kwanza alikuwa Min Ben, kwa sababu yuko karibu, udongo bado mikononi. "Nimekuja, Mama, nimekuja," akamkumbatia Dani, karibu ambebe. Kijana mmoja penye ua akainua simu kurekodi. Min Ben akamgeukia: "Weka hiyo kitu chini. Hii ni nyumba ya watu." Akaiweka.

Dani akamwambia polepole, "Ni Ochieng. Tangu masika."

Nilimwona akifikiri. Nilimwona akiweka masika mahali pake, na safari ya Ben mahali pake. Mikono yake ilimwachia Dani. Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo litakalokaa nami.

"Mwalimu," akasema. "Si nilikuuliza? Nilikuuliza na mdomo yangu."

Nimerudi na swali hilo hapa Mamboleo, nimeketi nalo mezani.

Jumamosi tutamzika. Mwili hautakuja, kwa hiyo wazee wamekwenda mtoni kutafuta tunda la yago, lile refu zito lenye umbo la mtu aliyefungwa sanda. Hulazwa kaburini mahali pa mtu ambaye hakupatikana. Litapewa jina lake na kulala nyuma ya nyumba, upande wa simba yake, kile kibanda chake cha ujana. Nilimuuliza Dani kama nikuzuie usisafiri. Akasema, "Okoth aende. Shule ikifunga mlango, nani atamfungulia?" Ukiweza kurudi Jumamosi kwa siku moja, njoo. Usipoweza, mwite mjomba wako hukohuko ulipo, kwa sauti, useme ni wewe Profesa.

Jioni hii, kabla hujaingia, nimeandika kwenye kundi la kijijini, na chini ya kila picha ya ule ukurasa, kwa jina langu: "Picha hii niliipiga mimi. Huyu ni mdogo wangu, na alikufa tangu masika. Anayeandika hapa si yeye. Mimi nilijua nikanyamaza." Wamenizuia mara kadhaa, nimeingia kwa simu nyingine. Simu haijaacha kulia. Wazazi wa Sondu, wa Ahero, mama mmoja ambaye mwanawe anaondoka Alhamisi alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Asante, Mwalimu," kisha akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Wengine wananitukana kwamba nimepotezea vijana kazi. Min Ben hajapiga.

Limebaki jambo moja.

Jumanne ileile, nilipokuwa nakupangia nguo, niliikuta pasipoti ndani ya kiatu chako cha mpira, cha kushoto. Niliichukua. Nimekusikia tangu siku hiyo ukifungua na kufunga begi, ukiinua godoro, ukinijia jikoni na kusimama kama unayetaka kuuliza, kisha ukaomba maji. Nami nikakupa maji. Leo nimeishika juu ya jiko la makaa mpaka ngozi ya vidole ikauma. Niliiona ile nyingine kwenye mkono wenye glavu, Okoth, na yako ina rangi ileile, na katika picha umekaza midomo hivyohivyo anavyokaza yeye.

Lakini tangu masika nimewaficha watu vitu kwa sababu nawapenda, na nimeona kilichotokea. Nisingeweza kukuficha cha mwisho halafu nikajiita nimesema kweli. Sasa unajua ninachojua, na unaondoka asubuhi.

Nimeirudisha kwenye kiatu cha kushoto, palepale ulipoiweka.

Mathe wako